SOMO LA VIKUNDI: KIONDO, MAJIRA NA MBWA WA KUOKOTA

Somo la safari hii hatukulitoa kitabuni. Lilitukuta sisi wenyewe, na tungependa ninyi mlipate kwa bei rahisi kuliko tuliyolipa sisi.

SHABAHA YA SOMO
Mwisho wa somo, kikundi kiweze:
1. Kupanga kazi ya mikono kufuatana na majira ya mwaka.
2. Kumtunza mbwa wa kuokota bila kuhatarisha watoto.
3. Kujua la kufanya mtu aking'atwa na mbwa.

KISA CHENYEWE
Sisi ni akina mama wa kusuka viondo. Hapa kwetu Igembe kila mtu anaijua miraa. Lakini miraa mara nyingi ni ya mzee, na pesa zake huingia mfuko wa mzee. Tena soko lake si la kutegemea. Uingereza ilipiga miraa marufuku mwaka 2014, na Somalia ilifunga mlango kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022. Nyumba nyingi zilitikisika. Ndiyo maana sisi tukashikilia kiondo. Hata serikali ilipokataza mifuko ya plastiki, tarehe 28 Agosti 2017, watu wakarudi kutafuta mfuko wa kudumu. Kiondo kikapata heshima tena.

Basi Novemba moja, mvua ikinyesha kweli kweli, tulisikia kilio pahali wanapofungia miraa. Chini ya rundo la majani ya migomba yaliyotupwa palikuwa na kitoto cha mbwa, kimelowa, mbavu zinahesabika. Mama mmoja akakifunga kwa leso akaja nacho mkutanoni. Wengine wakasema, "Hata sisi hatujashiba, mbwa atakula nini?" Nyanya mmoja akajibu, "Atakula ukoko wa ugali, na usiku atabweka." Tukamwita Simba. Akawa analala kwenye kibanda tunapoweka makonge yetu.

Desemba habari ikapita kwamba mbwa watachanjwa sokoni. Tulisikia. Tukasema, "Haka ni katoto tu, katamuuma nani?" Pesa za Krismasi tulikuwa tumeshagawana zote, hakuna aliyetaka kuchangia nauli ya mbwa.

Februari, jua kali, tulikuwa tumeanika nyuzi zilizotiwa rangi. Simba akanyakua fungu moja akaanza kulitafuna. Mjukuu wa mwenzetu, mtoto wa darasa la pili, akamkimbilia amnyang'anye. Kuvutana kidogo, mara mtoto analia, damu mkononi.

Hapo ndipo tulipojua hatujui. Mmoja alitaka kupaka pilipili. Mwingine majivu. Baba ya mtoto akaja na panga, anataka kumwua mbwa papo hapo. Bahati njema nyanya wetu aliwahi kusikia mafundisho ya afya. Akampeleka mtoto kwa mtungi, akaosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, robo saa nzima, mtoto akipiga kelele. Kisha akamwambia baba, "Mwanangu, weka panga chini. Mbwa afungwe, tumtazame. Na mtoto aende hospitali sasa, si kesho."

Kituo cha kwanza hawakuwa na dawa. Ikabidi gari hadi Maua. Sindano si moja, zinafuatana kwa tarehe zilizoandikwa. Nauli ya kwenda na kurudi, siku za kazi zilizopotea, na karo ya shule bado inadaiwa. Tulipopiga hesabu, bei ya viondo vinne ilikuwa imeenda. Lakini pesa si kitu. Kitu ni zile siku kumi. Kila asubuhi tulienda kumchungulia Simba: anakula? anakunywa? anatembea sawa? Mama ya mtoto hakulala. Siku ya kumi Simba alikuwa mzima, anatingisha mkia. Tukapumua.

TUFAHAMU UGONJWA
Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi. Hupitia kwa mate ya mnyama mgonjwa, akiuma au akilamba kidonda. Virusi hupanda polepole kwa mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili kuna nafasi, na nafasi hiyo ni sabuni na sindano. Binadamu wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani, karibu wote waliupata kwa mbwa.

Sindano yenyewe si kitu cha jana. Julai 1885, kule Paris, mtaalamu Louis Pasteur alimtibu mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameng'atwa vibaya na mbwa. Mtoto akapona. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na ndiyo sababu tarehe hiyo kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Sisi tumeiandika kwenye kitabu cha kikundi. Kenya nayo imejiwekea shabaha ya kumaliza vifo vya ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030. Wataalamu wanasema tukichanja mbwa 70 katika kila 100, mwaka kwa mwaka, ugonjwa unakosa njia. Kwa hivyo mbwa wa jirani ni jambo lako pia.

MTU AKING'ATWA
- Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15. Usipake pilipili, majivu, mafuta wala udongo.
- Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mbwa ni mchanga. Usingoje kwanza kuona mbwa atafanya nini.
- Kamilisha sindano kama daktari alivyoandika. Usiache kwa uamuzi wako.
- Mbwa akipatikana, afungwe pahali salama, atazamwe siku 10. Akiwa mgonjwa au akifa, mwite afisa wa mifugo. Usimguse kwa mikono mitupu.

MBWA WA KUOKOTA
Siku ya kwanza mfungie pahali pake, mbali na watoto, na uulize kama ana mwenyewe. Akitokwa na mate mengi, akiwa mkali bila sababu au akitembea kama mlevi, usimguse. Ita afisa wa mifugo. Mbwa mchanga apewe dawa ya minyoo. Akifika miezi 3 achanjwe kichaa, kisha kila mwaka. Na kampeni ikija kabla ya hapo, mpeleke vile vile. Weka kile cheti vizuri. Chakula chake kiwe kwenye chombo chake, na watoto wafundishwe: mbwa anayekula au aliyeshika kitu mdomoni haguswi. Kazi ya mikono nayo iwekwe juu. Uzi ukimezwa unaweza kufunga matumbo ya mbwa akafa.

KALENDA YETU
Baada ya yale, tulikaa chini tukachora mwaka wetu. Nanyi mnaweza kuubadilisha ufuate kwenu.

Januari na Februari: Jua. Maharagwe yameshavunwa. Ni wakati wa kukata majani ya makonge yaliyokomaa, kuyakwangua hadi zibaki nyuzi, kuziosha na kuzianika. Rangi pia hushika na kukauka vizuri. Maganda ya muwati yakichemshwa hutoa rangi ya kahawia, na maganda ya vitunguu hutoa manjano. Jihadhari: pesa ni chache, karo ni nyingi.

Machi hadi Mei: Mvua ndefu. Mikono iko shambani. Miraa huwa nyingi na bei hushuka. Kusokota kamba hufanywa jioni, au mvua ikitufungia ndani. Nyuzi ziwekwe juu zisipate ukungu.

Juni hadi Septemba: Baridi ya Julai, kisha kiangazi. Huu ndio msimu mkubwa wa kusuka. Septemba tunachanja mbwa wote wa wanakikundi, kwa pesa tulizoweka.

Oktoba hadi Desemba: Mvua fupi, ambazo kwetu mara nyingi ndizo za kutegemewa. Tunapanda, na tunauza viondo kwa wanaokuja nyumbani Krismasi. Tusigawane zote!

MFUKO MDOGO
Sasa kila kiondo kikiuzwa, kitu kidogo kinabaki kwenye kopo la kikundi. Hakiguswi kwa sukari wala kwa sherehe. Ni cha chanjo, dawa ya minyoo, na nauli ya mtoto wa mwanakikundi akipatwa na la ghafula. Mweka hazina anakisoma mbele ya wote kila mwezi.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Katika kijiji chenu kuna mbwa wangapi? Waliochanjwa ni wangapi? Hesabuni nyumba kwa nyumba.
2. Hospitali iliyo karibu yenye sindano hizo ni ipi? Ulizeni leo, kabla hamjaihitaji.
3. Ni miezi gani pesa huwa haba kwenu? Ni kazi gani ya mikono ingeuzwa kabla ya miezi hiyo?
4. Ni nani kwenu aliye na panga tayari, na ni nani aliye na sabuni?

Simba sasa ni mbwa mkubwa, na cheti chake kiko ndani ya kiondo kilichotundikwa mlangoni. Yule mtoto ndiye anayempa chakula. Anamwekea chombo chini, halafu anarudi nyuma hatua tatu.