Sauti ya Msimulizi katika Filamu za Hugo van Lawick: Mtazamo kutoka Bariadi

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamekwisha kuizoea tamthiliya na riwaya. Filamu wameipokea kwa kusitasita, na filamu ya wanyamapori aghalabu huachiwa wanabiolojia na watu wa utalii. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba filamu ya aina hiyo ni matini ya lugha kama matini nyinginezo, na kwamba swali lake kuu la kilugha, yaani nani asimulie na kwa maneno gani, huonekana wazi zaidi likitazamwa kutoka Bariadi kuliko kutoka London au Washington. Kielelezo chetu ni kazi za Hugo van Lawick (1937–2002), mpiga picha za sinema na mtengenezaji filamu wa kujitegemea aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake katika uwanda wa Serengeti.

2.0 Mpiga picha na mahali pake

Van Lawick alizaliwa Surabaya, katika koloni la Uholanzi ambalo sasa ni Indonesia. Alifika Afrika Mashariki akiwa kijana, akafanya kazi Nairobi kwa Armand na Michaela Denis, waliokuwa wakitengeneza vipindi vya wanyama kwa ajili ya televisheni. Mwaka 1962, kwa pendekezo la Louis Leakey, shirika la National Geographic lilimtuma Gombe, Kigoma, apige picha za utafiti wa Jane Goodall juu ya sokwe. Wawili hao walioana mwaka 1964 na wakaachana mwaka 1974. Mengi yamekwisha andikwa juu ya ndoa hiyo, nasi hatuna haja ya kuyarudia.

Lililo muhimu kwetu ni kambi ya mahema aliyoiweka Ndutu, penye mpaka wa Hifadhi ya Serengeti na eneo la Ngorongoro. Magharibi ya Ndutu liko Pori la Akiba la Maswa, lililotengwa mwaka 1962, na ukilivuka pori hilo unaingia katika mashamba ya pamba na malisho ya Meatu, Itilima na Bariadi. Sehemu hizo zilikuwa katika mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012, ulipoundwa mkoa wa Simiyu na Bariadi ikawa makao makuu yake. Nyumbu ambao van Lawick aliwapiga picha wakati wa masika hawautambui mpaka huo. Tembo nao hawautambui, na wakulima wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wanayo ya kueleza juu ya usiku wa kulinda mahindi. Hata hivyo, mtazamaji wa filamu hizi hawezi kujua kwamba ng'ambo ya upeo wa macho kuna Msukuma hata mmoja.

Mtengenezaji filamu wa namna hii hawezi kumwandikia chui mswada. Hukaa garini kutwa akisubiri, na hadithi hupatikana baadaye, wakati wa kuhariri. Picha zilizopigwa siku tofauti huweza kuunganishwa zikawa kisa kimoja, na kiunganishi chake, mara nyingi, ni sauti ya msimulizi. Kwa sababu hiyo tunadiriki kusema kwamba msimulizi wa filamu ya wanyama ana mamlaka makubwa kuliko msimulizi wa riwaya. Wahusika wa riwaya angalau huweza kumpinga kwa maneno yao wenyewe.

3.0 Wasimulizi watatu na ukimya mmoja

Tuifuate sauti hiyo katika kazi zinazotokana na kamera ya van Lawick. Katika filamu ya sokwe wa Gombe iliyoonyeshwa Marekani mwaka 1965, msimulizi ni Orson Welles. Katika ile ya mwaka 1988, *People of the Forest*, ni Donald Sutherland. Katika *The Leopard Son* ya mwaka 1996, inayomfuata mwana wa chui tangu utotoni hadi anapojitegemea, ni John Gielgud. Wote watatu ni waigizaji mashuhuri wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na wote wanasimulia kwa Kiingereza.

Kisha, mwaka 1998, ikatoka *Serengeti Symphony*. Humo hakuna msimulizi. Kuna muziki na sauti za wanyama, basi. Baadhi ya watazamaji huuchukulia ukimya huo kuwa pambo la mzee aliyechoka na maneno. Sisi tunauona kuwa ni hatua ya kimantiki ya mtu aliyekuwa amekwisha kuyapigania maneno kwa muda mrefu. Kitabu alichokiandika pamoja na Goodall, *Innocent Killers* cha mwaka 1970, kilihusu mbwa mwitu, bweha na fisi, wanyama ambao majina yao tu huleta chuki, na ni jina la kitabu lenyewe linalowatetea. Utetezi huo haukuwa wa bure: mbwa mwitu walitoweka katika uwanda wa Serengeti mwanzoni mwa miaka ya 1990, na picha zake za miaka iliyotangulia zikabaki kuwa kumbukumbu.

Je, mtazamaji wa Bariadi anafaidika na ukimya huo? Kwa upande mmoja, ndiyo: ameondolewa sauti ngeni iliyokuwa ikimfasiria wanyama wa jirani yake. Kwa upande mwingine, nafasi iliyoachwa wazi haikukabidhiwa kwake. Alijazwa muziki wa okestra. Na maneno yalikuwapo. Wasukuma wana vyama vya kale, kama vile Bayeye wa nyoka na Banunguli wa nungunungu, na nyimbo zao zimejaa ujuzi juu ya tabia za wanyama, dawa na njia za porini. Mpiga picha angeweza kusubiri chui kwa wiki nzima. Kuusikiliza wimbo mmoja kusingemchelewesha.

4.0 Tatizo la kusimulia kwa Kiswahili

Tuchukulie sasa kwamba *The Leopard Son* inatiwa usimulizi wa Kiswahili. Mwanafunzi wa isimu atagundua mapema faida moja. Msimulizi wa Kiingereza hana budi kuchagua kati ya kiwakilishi cha kitu na kiwakilishi cha mtu, na anapochagua cha mtu anakuwa amemkaribisha mnyama katika ubinadamu kwa makusudi. Kiswahili kimekwisha kumkaribisha. Chui huchukua upatanisho wa a-/wa- sawa na mwalimu, na hakuna anayeshtuka.

Lakini neema hiyo ina gharama yake. Kiambishi a- hakionyeshi jinsi. Filamu nzima imejengwa juu ya mama na mwana wa kiume, na Kiingereza huwatenganisha kwa silabi moja. Kwa Kiswahili, "amemwona, akamfuata" haituambii nani kamfuata nani. Msimulizi atalazimika kutaja "mama" na "mwana" kila mara, sentensi zitarefuka, na picha haitamsubiri. Kisukuma nacho hakimwokoi, kwa kuwa *ng'wana* ni wa kiume na wa kike vilevile.

Tatizo la fisi ni la namna nyingine. Katika ngano zetu fisi ni mlafi na mpumbavu, na katika simulizi za Usukumani anahusishwa na wachawi wanaosafiri usiku. Neno "fisi" likitamkwa tu, hukumu imekwisha kutolewa kabla mnyama hajaonekana. Mfasiri anayetafsiri maneno ya Kiingereza neno kwa neno hatalitambua hilo.

Kuna shule moja ya usimulizi ambayo wataalamu wameidharau bila sababu, nayo ni ya watafsiri wa filamu katika vibanda vya video. Mashuhuri miongoni mwao alikuwa Lufufu, ambaye sauti yake iliwaeleza Watanzania wengi filamu za kigeni. Watafsiri hao hawaioni filamu kuwa kitu kilichofungwa: huongeza ufafanuzi, hutania, na huwapa wahusika majina ya nyumbani. Kwa utatanishi wa kiambishi a- tuliouona hapo juu, dawa yao ingekuwa rahisi mno. Wangewabatiza chui wote wawili, na pale Bariadi pengine mwana angeitwa Masanja na mama yake Kabula.