Dereva mzee kwenye barabara ya Rusumo: ya kufanya garini na ya kudai barabarani

Kutoka Lusahunga wilayani Biharamulo hadi mpaka wa Rusumo wilayani Ngara, gari dogo linagawana lami na malori ya mizigo ya Rwanda yanayotoka bandari ya Dar es Salaam. Kwa dereva aliyefikisha miaka 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inauhesabu kuwa uzee, safari hiyo hudai macho kuliko nguvu za mikono.

Macho hubadilikaje?

Kuanzia miaka ya 40, kusoma vitu vya karibu huwa kazi. Kufikia 60, mwanga unaofika ndani kabisa ya jicho ni kama theluthi moja ya ule unaomfikia kijana wa miaka 20. Mtoto wa jicho huongeza tatizo: lori likija na taa kali, mwanga hutawanyika na barabara yote hupotea kwa sekunde kadhaa. Presha ya macho nayo hula uwezo wa kuona pembeni, polepole na bila maumivu, hata bodaboda inayochomoza ubavuni isionekane mapema.

Dashibodi isomeke

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukata mita 22 kila sekunde. Ukiinamia dashibodi kwa sekunde mbili, umeenda mita 44 bila kutazama mbele. Kwa hiyo:

- Punguza mwanga wa dashibodi usiku, lakini namba ziendelee kusomeka. Ukali wake hukufanya usione vizuri nje.
- Zijue taa za onyo kabla ya safari. Magari mengi madogo kutoka Japani hayana mshale wa joto la injini: taa ya bluu maana yake injini bado ya baridi, nyekundu maana yake imechemka. Simama.
- Kama redio au skrini inaandika Kijapani, mwombe fundi aibadilishe ikiwezekana. Isipowezekana, usiiguse ukiwa mwendoni.
- Miwani ya kusomea si ya kuendeshea. Pima macho upewe inayofaa kuona mbali.
- Futa kioo cha mbele, ndani na nje. Ukungu wa vumbi huzidisha mng'ao wa taa.

Barabara isaidie

Kwa kipimo kinachotumika Marekani, herufi yenye kimo cha milimita 200 husomeka kutoka umbali wa mita 70 hivi. Kwa kilomita 80 kwa saa, hizo ni sekunde tatu tu za kusoma na kuamua. Ndiyo maana kibao cha njia panda kama ya Lusahunga, ambapo mmoja anaenda Rusumo na mwingine Biharamulo mjini, kinahitaji herufi kubwa, maneno machache na karatasi inayoakisi mwanga, tena kitangulie njia panda yenyewe. Mistari myeupe ya kingo nayo humpa dereva pa kushikilia macho anapomulikwa. Tuta lisilo na rangi wala kibao ni mtego kwa kila mtu.

Rusumo kuna jambo la ziada: huku Tanzania tunaendesha kushoto, Rwanda kulia. Mzee anayevuka apunguze mwendo na avuke mchana.

Nani aambiwe?

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya ziko chini ya TARURA. Kibao kilichong'olewa kuuzwa chuma chakavu, au mistari iliyofutika, iandikiwe barua kupitia ofisi ya kata, mkitaja mahali hasa. Matete yaliyofunika kibao msisubiri mtu wa wilayani. Toeni taarifa kijijini yafyekwe.

Japani ilianza mwaka 1997 kuwapa madereva wazee alama ya kubandika kwenye gari ili wengine wawape nafasi. Sisi tunaweza kuwapa nafasi hata bila alama. Dereva wa lori, shusha taa unapopishana. Nanyi watoto, msimpokonye baba funguo: mpelekeni akapimwe macho kwanza, kisha mkubaliane naye kwamba safari za usiku zifanywe na mwingine.