SOMO: CHANJO NA WATU WANAOLINDA WATOTO

Ndugu msomaji, fikiri nyumba moja ya kulelea watoto hapa Ruashi. Watoto ni ishirini, walezi ni watano. Amri inakuja: asiyechanjwa asiingie kazini. Walezi wawili wanakataa, wanakwenda zao. Usiku mtoto mchanga anashikwa na homa. Nani atamwamkia?

1. Mambo yaliyotokea

Katika Kongo chanjo ya Covid ilianza tarehe 19 Aprili 2021. Mwaka ule ule Serikali ya Kenya iliwaagiza wafanyakazi wake wote wachanjwe kufika 23 Agosti, la sivyo wapewe adhabu. Maofisa wa watoto walikuwa miongoni mwao. Katika Uingereza, tangu 11 Novemba 2021, asiyechanjwa hakuruhusiwa kufanya kazi katika nyumba za kutunzia wazee. Walezi wengi waliacha kazi, hali walikuwa wachache tangu mbele. Tarehe 15 Machi 2022 sheria ile iliondolewa.

2. Hatari ni mbili

Ya kwanza ni ugonjwa. Mlezi huwabeba watoto, huwalisha, huwafuta makamasi. Akiugua, aweza kuwaambukiza. Surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo tangu 2019 mpaka mwanzo wa 2020, wengi wao watoto. Chanjo ya Covid humkinga mtu asiugue sana, lakini haizuii kila maambukizo.

Ya pili ni upungufu wa walezi. Mtoto aliyeteswa humzoea mlezi wake polepole. Mlezi akiondoka ghafula, mtoto hunyamaza tena. Na mgeni anayeandikwa kazi kwa haraka, bila kuulizwa habari za tabia yake, aweza kuwadhuru watoto kuliko homa.

3. Basi tufanye nini?

Wewe mkubwa wa kazi, fundisha kwanza, kisha agiza. Sikiliza hofu za watu bila kuwacheka. Leta chanjo mahali pa kazi. Asiyechanjwa mpe kazi ya mbali na watoto kwanza. Usimwondoe mlezi kabla ya kumpata wa kushika mahali pake.

Wewe mlezi, usingoje kulazimishwa. Mwulize mwuguzi mambo yanayokutia hofu. Kumbuka kwamba ukiugua, au ukifukuzwa, anayeumia kwanza ni mtoto.

MAULIZO
1. Hatari mbili za mtoto ni zipi?
2. Kwa nini kufundisha kutangulie amri?
3. Katika nyumba yako, nani hajamaliza chanjo zake?