Josho la Wadi na Bajeti ya Kaunti: Mkulima Aseme Lini?



Miaka mitatu iliyopita, katika mwezi wa Juni, wazee saba wa skimu moja ya makazi walifika ofisini petu asubuhi na mapema. Walikuwa wamevaa makoti yao ya Jumapili, na mkononi walikuwa na barua iliyoandikwa kwa hati safi, yenye sahihi za watu arobaini na mmoja. Shauri lao lilikuwa josho. Paa lilikuwa limeng'olewa na upepo, ukuta wa shimo umepasuka na dawa yavuja ardhini, na katika msimu mmoja walikuwa wamezika ndama kumi na wawili kwa ajili ya ndigana, ule ugonjwa uletwao na kupe. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo. Kazi yangu ni kupokea barua, kuzipiga muhuri na kuzitia katika faili. Lakini jibu la barua ile nililijua kabla wazee hawajaketi. Nikawaambia, "Wazee wangu, mmechelewa."

Mmoja wao akaniangalia kwa muda, kisha akasema, "Tumechelewa vipi, kijana, na mwaka wa Serikali waanza mwezi ujao?"

Kusema kweli, swali lake lilikuwa bora kuliko jibu langu. Kama mtu aliyezoea kukata shauri na mwenye duka anajua kwamba fedha zikiwapo kitu hununuliwa, atajuaje kwamba fedha za Serikali hugawanywa miezi mingi kabla hazijaonekana? Hakuna aliyemfundisha. Ndiyo maana naandika somo hili.

UAMUZI ULITOKA WAPI ZAMANI

Wengi wenu mwalima mashamba yaliyogawanywa katika ile Skimu ya Ekari Milioni Moja, iliyoanzishwa mwaka 1962, au mmeyarithi kwa wazazi walioyapata wakati huo. Waulizeni wazee. Watawaambia kwamba ofisi ya skimu ndiyo iliyompangia mkaaji alime nini na afuge ng'ombe wangapi, na kwamba fedha za barabara na majosho zilitolewa uamuzi Nairobi. Mkaaji alipewa shamba na deni la kulilipa. Neno juu ya fedha za umma hakupewa.

Mwaka 1963 ilijaribiwa njia nyingine. Katiba ya uhuru iliigawa nchi katika majimbo saba, mbali na eneo la Nairobi, na kila jimbo likawa na baraza lake la kutunga sheria. Katika maandishi majimbo yalikuwa na nguvu nyingi. Lakini mfuko ulibaki mkononi mwa Serikali ya kati, na jimbo lisilo na mfuko ni kama mpishi aliyepewa sufuria bila unga. Hata kabla Kenya haijawa Jamhuri tarehe 12 Desemba 1964, majimbo yalikuwa yamekwisha kudhoofika, kisha yakafutwa. Mabaraza ya kaunti ya zamani yaliendelea kusimamia shule za msingi, afya na barabara, mpaka kazi hizo tatu nazo zilipochukuliwa na Serikali ya kati kuanzia Januari 1970. Tena mwaka 1983 ulikuja mpango wa kuelekeza maendeleo wilayani, ambapo kamati chini ya DC ilipanga orodha ya miradi. Orodha ilipangwa wilayani, naam, lakini fedha zilikaa wizarani.

Hapa ningependa kusema jambo ambalo huenda baadhi yenu hamtalipenda. Katika Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, Serikali ilisema kwamba fedha za maendeleo zitiwe mahali zitakapozaa zaidi. Mahali hapo palikuwa wapi? Palikuwa kwetu, penye mvua na udongo mzuri. Watu wa nchi kavu, kaskazini na mashariki, waliambiwa wangoje, wakangoja miaka mingi sana. Nasikia mara kwa mara mkulima akinung'unika kwamba kaunti za nchi kavu zapewa fedha nyingi kuliko zetu. Yafaa akumbuke lami iliyokuwa mbele ya kiwanda chake cha maziwa wakati wenzake hawana hata murram.

SHERIA YA SASA

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iliunda kaunti 47, nazo zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Tofauti yake na majimbo ni hii: safari hii mfuko umetajwa katika Katiba yenyewe. Kaunti zote pamoja hazina budi kupata kila mwaka fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakihesabiwa kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge la Taifa. Katika mwaka wa kwanza, 2013/14, fungu hilo lilikuwa shilingi bilioni 190. Katika mwaka wa 2021/22 lilikuwa bilioni 370. Namna ya kuligawa baina ya kaunti hupendekezwa na Tume ya Ugavi wa Mapato na kuamuliwa na Seneti. Wanaangalia idadi ya watu, umaskini, ukubwa wa nchi na mambo mengine. Mwaka 2020 maseneta walishindana miezi kadhaa juu ya jambo hili, na kaunti zikangoja.

Na kazi je? Katiba yenyewe imeitaja katika orodha: kilimo cha mazao na ufugaji, minada ya mifugo, machinjio, na kuzuia magonjwa ya mimea na wanyama ni kazi za kaunti. Kwa hivyo josho ni la kaunti. Bwana Shamba na daktari wa mifugo walio wadini ni watumishi wa kaunti. Lakini hati ya shamba lako na deni la skimu bado ni mambo ya Serikali ya taifa, na barabara kuu vivyo hivyo. Shule ya chekechea ni ya kaunti. Shule ya msingi si yake. Nimeona watu wakipoteza miaka miwili wakibisha mlango usio wao, na kila ofisi ikiwajibu kwa upole waende ofisi nyingine.

TUFANYE HESABU

Nilisomea ualimu kabla sijaingia ofisini, na mwalimu haridhiki mpaka ameandika ubaoni. Tuchukue kaunti ya mfano tu, ambayo bajeti yake ni shilingi bilioni 6, yenye wadi 30. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 yataka kwamba, kwa muda wa miaka kadhaa ikichukuliwa pamoja, asilimia 30 angalau iende kwenye maendeleo. Asilimia 30 ya bilioni 6 ni bilioni 1 na milioni 800. Gawanya kwa wadi 30: kila wadi ingepata milioni 60, kama kila senti ingegawanywa sawasawa.

Lakini haigawanywi hivyo. Kwanza huondolewa hospitali kubwa ya kaunti, soko la mjini, madeni ya wakandarasi wa mwaka jana na juzi, na barabara ambayo gavana aliahidi wakati wa kampeni. Kinachobaki hushindaniwa na zahanati, visima, chekechea, vivuko na majosho ya wadi nzima. Sasa mwaona kwa nini barua ya watu arobaini na mmoja, hata ikiwa na hati safi namna gani, haitoshi ikija wakati meza imekwisha kupanguswa.

TAREHE ZA KUSHIKA KICHWANI

Jibu la swali la yule mzee ni hili. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Lakini mpango wa maendeleo wa mwaka huo hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, yaani miezi kumi kabla. Mradi usiotajwa katika mpango ule ni vigumu sana kuuingiza baadaye. Ifikapo tarehe 28 Februari, kaunti huwa imetoa waraka unaoonyesha kila idara itapata kiasi gani. Hapo ndipo kilimo hupunguzwa au huongezwa. Ifikapo tarehe 30 Aprili makadirio yenyewe huwa mbele ya Bunge la Kaunti, na hupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni.

Kwa hivyo mkutano wa Mei, ule wenye hema na viti vya plastiki na soda, ambao wengi huudhania kuwa ndio mkutano wa bajeti, huwa umebakiwa na machache ya kuamua. Mkutano wenye maana ni ule mdogo wa Julai au Agosti, ambao hutangazwa kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi ya wadi na ambao huhudhuriwa na watu kumi na wanne, wanane kati yao wakiwa jamaa za wenye kutaka kandarasi. Nasema hivi kwa kuwa mimi ndiye niliyeandika majina.

Mtu asidhani kwamba kuwashirikisha wananchi ni hisani ya wakubwa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika kuitunga. Sheria nzima, pamoja na ushuru wake, ikaanguka.

Na isidhaniwe pia kwamba fedha zikiwa karibu zimekuwa salama. Fedha zikikaribia, mikono nayo hukaribia. Mdhibiti wa Bajeti hutoa taarifa za matumizi ya kila kaunti, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua. Lakini wakaguzi hawa hawawezi kulala penye josho lenu kuhesabu mifuko ya saruji. Katika Kaunti ya Makueni walipata njia ambayo naiona ni nzuri. Watu hukutana kuanzia kijijini, wakapanda ngazi mpaka wadi na kaunti, wakichagua miradi. Mradi ukianza, kamati ya wananchi wa pale pale huusimamia, na mkandarasi hutakiwa apate kibali chao kabla hajalipwa. Mkandarasi akijua kwamba sahihi inayotakiwa ni ya mama anayechota maji pale pale, huchanganya mchanga na saruji kwa namna nyingine.

WALE WAZEE

Nirudi kwa wazee wangu. Walirudi mwezi wa Agosti mwaka ule ule, siku ya ule mkutano mdogo, na hawakuwa saba. Walikuwa sitini na zaidi, na akina mama walikuwa wengi kuliko wanaume, maana wao ndio wakamuao. Hawakuja na barua ya kuomba tu. Walikuja na daftari: ng'ombe wangapi huoshwa kwa wiki, ndama wangapi wamekufa na katika miezi gani, lita ngapi za maziwa zilipungua kiwandani, na makisio ya fundi wa hapo hapo juu ya kuziba ufa na kuweka paa. Mwakilishi wa wadi alitaka kwanza fedha zitengeneze lango la uwanja wa mpira. Mama mmoja akasimama akamwuliza, "Mheshimiwa, hilo lango litakamuliwa saa ngapi?" Watu walicheka, naye akacheka pia, akaandika josho.

Mpango ulipochapishwa walikuja ofisini kutazama. Nikawaonyesha ukurasa. Mzee yule wa Juni akavaa miwani akausoma mstari wote kwa sauti, pamoja na jina la wadi na kiasi cha fedha, kisha akaomba niunakili kwa mkono katika daftari lao. Februari walirudi, wakakuta kiasi kimepunguzwa kwa karibu robo. Wakampelekea mwakilishi wao daftari lile lile. Sehemu ilirudishwa, si yote. Julai ilipofika fedha hazikuja, kwa kuwa Hazina Kuu ilikuwa imechelewa kupeleka fungu la kaunti, kama itokeavyo mara nyingi, na mkandarasi hakuingia mpaka Machi.

Mpaka ninapoandika, ukuta wa shimo umezibwa, dawa imetiwa na ng'ombe huoshwa kila Alhamisi. Paa limewekwa nusu. Mkandarasi amekuja ofisini mara mbili akitaka barua ya kuthibitisha kwamba kazi imekwisha, nami nimemwambia aende kwanza kwa kamati. Kamati inasema itatia sahihi siku mabati yaliyobaki yatakapopigiliwa, na bado wanayahesabu.