"Tumeafikiana": Nafsi, Kauli ya Kutendana na Haki ya Mpiga Kura wa Kizingitini

1.0 Utangulizi

Serikali ya wachache ni ile ambayo chama kinachoiongoza hakina wingi wa viti bungeni. Ili ipitishe miswada yake, haina budi kutafuta mapatano na wabunge wa vyama vingine. Kenya ilikabiliwa na hali hiyo baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. PNU, chama cha Rais Mwai Kibaki, kilipata viti 43, ilhali ODM cha Raila Odinga kilipata 99. Januari 2008 Rais alimteua Kalonzo Musyoka wa ODM-Kenya kuwa Makamu wa Rais. Hata hivyo, tarehe 15 mwezi huo mgombea wa ODM, Kenneth Marende, alitwaa uspika kwa kura 105 dhidi ya 101. Ghasia zilikuwa zikiendelea, na watu zaidi ya 1,000 walipoteza maisha. Tarehe 28 Februari 2008, kwa usuluhishi wa Kofi Annan, mkataba wa kugawana madaraka ulitiwa saini.

Makala haya yanachunguza lugha ya kuwaelezea wapiga kura mapatano ya aina hiyo. Hadhira inayochukuliwa kuwa mfano ni ya Kizingitini, mji wa wavuvi katika Kisiwa cha Pate, Lamu Mashariki, ambako husemwa Kitikuu. Eneo bunge hilo ni miongoni mwa yale yenye wapiga kura wachache zaidi nchini. Kwa hiyo sauti yake ni rahisi kusahaulika meza za Nairobi zinapoandaliwa.

2.0 Nafsi na mnyambuliko

Tuseme mwanasiasa anasimama barazani na kutamka: "Tumeafikiana." Kiambishi tu- hakibainishi iwapo msikilizaji yumo au hayumo. Mvuvi anaweza kudhani kuwa amehusishwa, kumbe walioafikiana ni viongozi wawili. Aidha, kiambishi -an- cha kutendana huwafungia watendaji ndani ya kitenzi chenyewe; sentensi hutimia bila kutaja nani kaafikiana na nani, wala juu ya jambo gani. Ukweli hudhihirika pale tu msemaji anapolazimika kusema: "Chama changu kimeafikiana na chama fulani kwamba…"

Uteuzi wa msamiati nao una uzito. Maridhiano hudokeza kwamba kila upande una radhi. Mapatano yana sura mbili: watu waliogombana hupatana, na mnunuzi na muuzaji hupatana bei. Mpiga kura ana haki ya kuuliza ni sura ipi inayokusudiwa, na kilichouzwa ni nini.

3.0 Sitiari ya nusu mkate

Serikali ya mwaka 2008 iliitwa na wananchi "nusu mkate". Sitiari hiyo ilieleweka upesi, lakini iligeuza suala la sheria kuwa suala la mlo. Mkate hugawiwa walioketi mezani. Aliyelima ngano hatajwi. Isitoshe, vyama vikuu vyote vilipoingia serikalini, Bunge lilibaki bila upinzani rasmi. Ni nani basi angeihoji serikali kwa niaba ya Kizingitini?

Katika uvuvi wa mwambao, gharama huondolewa kwanza, kisha mwenye chombo hupata fungu lake na mabaharia hugawana yao. Hadhira yenye ujuzi huo haihitaji kurahisishiwa mambo. Inahitaji hesabu: chama kimetoa nini, kimepata nini, kwa muda gani, na fungu la waliopiga kura liko wapi.

4.0 Hitimisho

Haidaiwi hapa kwamba mapatano ni maovu. Mkataba wa 2008 ulisaidia kuzima moto na kufungua njia ya Katiba ya 2010. Linalodaiwa ni kwamba uhalali wa mapatano hautokani na saini pekee, bali pia na maelezo yanayomfikia aliyepiga kura. Mwanafunzi wa Kiswahili anayejua kazi ya tu- na -an- anaweza kumsaidia mwananchi kuuliza swali fupi lenye nguvu: "Mmeafikiana nani na nani?"