Kurasa za Lazima katika Tovuti

Tovuti ni mkusanyiko wa kurasa zilizounganishwa kwa viungo, ambazo husomwa kwa njia ya intaneti. Tovuti ya kwanza duniani ilitengenezwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, ikafunguliwa kwa umma mwaka 1991. Ilikuwa ya maandishi matupu; hata hivyo, ukurasa wake wa mwanzo ulieleza mradi wenyewe, kisha ukamwelekeza msomaji kwenye kurasa za msaada, wahusika, historia na namna ya kupata programu.

Shule inayotaka kujenga tovuti yake haina budi kuwa na kurasa hizi:

(a) Mwanzo: tovuti ni ya nani, na ina nini.

(b) Kuhusu Shule: historia, uongozi na usajili wake.

(c) Taarifa: masomo, ada na matangazo, kila moja na tarehe yake.

(d) Mawasiliano: anwani na simu.

(e) Faragha: habari zipi za msomaji hukusanywa, na kwa nini. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa hizo mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022.

Mzazi akikuta kiwango cha ada pasipo jina, tarehe wala anwani, atatambuaje kuwa hilo ni tangazo la shule wala si la mlaghai?

Zoezi: Chunguzeni tovuti moja. Ni ukurasa upi umekosekana, na msomaji anapata hasara gani?