Pikipiki Kuukuu: Tazama Kabla ya Kulipa

Ndugu mkulima, fedha ya mahindi isipotee bure. Ukitaka kununua BSA Bantam kuukuu, linganisha namba ya shingo ya fremu na ile ya injini na zilizoandikwa katika logibuku. Namba hizo mbili zenyewe huenda zisifanane, wala si kosa. Lakini zisipopatana na logibuku, usilipe hata senti. Rangi mpya si ushahidi.

Bantam ya kwanza, D1 ya mwaka 1948, ilikuwa na gia tatu na kabureta ya Amal. Ukikuta kabureta nyingine, bei na ishuke.

Pengine itakwenda vema Bungoma, kisha Kitale ikohoe na plagi ijae masizi. Usimlaumu aliyekuuzia. Bungoma iko kama meta 1,400 juu ya bahari, Kitale kama 1,900. Huku juu hewa ni nyepesi, petroli inazidi. Shusha sindano ya kabureta mfuo mmoja tu. Plagi ya rangi ya kahawia ndiyo njema. Ukizidisha, injini itapata moto na pistoni kukwama. Na usitie petroli tupu kamwe. Injini hii hulainishwa na mafuta yanayochanganywa na petroli. Ukihamia Bungoma, irudishe sindano ilipokuwa.